Je, kichwa cha mtu kinaonyesha roho yake?



Baada ya kipindi chetu kimoja cha jioni, mama mmoja alitupigia simu hapa redioni. Hakutaka jina lake litajwe, nasi hatutalitaja. Aliuliza hivi: "Pasta, mawifi zangu wanasema binti mwenye kisogo kikubwa ni mtu wa kiburi, hawezi kumtii mume. Kijana wangu amekwisha kutoa sehemu ya mahari. Tuendelee ao tuache?"

Tuseme kweli, tulicheka. Fundi wa mitambo naye alicheka. Halafu tukanyamaza, sababu tulikumbuka jambo moja lililotokea katikati yetu, ambalo tutalisimulia mbele kidogo, na lile halikuwa la kuchekesha. Tukamwahidi yule mama kwamba tutajibu kwa maandishi, kwa kuwa dakika tano za simu hazitoshi.

Maneno ya namna hii tunayasikia kila siku. Mwenye paji pana ana akili, mwenye paji fupi ni mgumu wa kuelewa. Mwenye macho madogo ni mwizi. Mwenye kichwa kirefu nyuma ana ukaidi. Hata tunapochagua mtunza-feza wa kanisa, utasikia mzee mmoja anasema, "Yule hapana, angalieni uso wake tu." Na yule mwenye uso mzuri tukimpa sanduku, baada ya miezi sita tunahesabu na kukuta pengo. Wengine wanafikiri haya ni mambo ya mababu zetu peke yao. Hapana. Wazungu waliyafanya kuwa masomo, wakayaandikia vitabu vinene, wakayauza kwa feza nyingi, na jina lake ni frenolojia. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulilisikia jambo hili bila kujua: mwalimu akimsifu mtoto mwepesi wa hesabu, alisema ana "bosse" ya hesabu, maana yake nundu ya hesabu kichwani. Usemi huo umetoka moja kwa moja katika frenolojia.

Daktari aliyepapasa vichwa

Aliyeanzisha ni daktari mmoja Mjerumani, Franz Joseph Gall, aliyezaliwa mwaka 1758. Wazazi wake walitamani awe padri, lakini yeye akachagua udaktari, akafanya kazi katika mji wa Vienna, Austria. Alisimulia kwamba tangu shuleni aliona jambo moja: wanafunzi wenzake waliomshinda kwa kukariri maneno walikuwa na macho makubwa yaliyotokeza nje. Yeye alijitahidi kuandika vizuri, lakini siku ya kusema kwa moyo wale wenye macho makubwa walimpita. Akajisemea kwamba labda nyuma ya macho kuna sehemu ya ubongo inayoshika maneno, na ikiwa kubwa inayasukuma macho nje.

Kutoka hapo akajenga nyumba nzima juu ya jiwe moja. Alifundisha kwamba ubongo ndio chombo cha akili na tabia. Hapo alisema kweli, na wakati ule si wote waliokubali. Akafundisha kwamba ubongo si kitu kimoja bali una sehemu nyingi, kila sehemu na kazi yake. Hapo pia hakuwa mbali na kweli: mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Ufaransa alionyesha sehemu ya ubongo, upande wa kushoto mbele, ambayo ikiharibika mtu anashindwa kusema. Lakini Gall akaongeza mambo mawili. La kwanza, kwamba sehemu ikiwa kubwa basi tabia yake ina nguvu. La pili, kwamba fuvu linafuata umbo la ubongo kama vile kitambaa kilichobana, hivyo ukipapasa kichwa kwa vidole unaweza kusoma tabia ya mtu. Alihesabu sehemu 27: ya upendo wa watoto, ya urafiki, ya kiburi, ya wizi, ya kuua, ya hesabu, ya muziki, na hata ya kumwabudu Mungu.

Mnataka kujua alizipataje? Sikilizeni. Sehemu ya kuua aliiweka juu kidogo ya masikio. Sababu zake: wanyama wanaokula nyama wana vichwa vipana pale, tena alimjua mwanafunzi mmoja aliyependa kutesa wanyama, ambaye baadaye akawa daktari wa kupasua, tena mtu mmoja muuza-dawa aliyeacha duka lake akawa mnyongaji wa serikali. Hao wawili walikuwa na nundu pale. Basi, imetosha! Sehemu ya wizi aliitafuta kwa kupapasa vichwa vya vijana wachomozi wa mifuko. Sehemu ya kumwabudu Mungu aliitafuta makanisani. Aliwatazama waliokuwa wakiomba kwa bidii kubwa, akaona wengi wao wana upara na utosi ulioinuka, akasema hapo ndipo dini inapokaa. (Wazee wetu wenye upara wasifurahi haraka. Mtu anayefika miaka 60 anakuwa na upara, na anayefika miaka 60 mara nyingi amekwisha kuona mambo yanayomfundisha kuomba.)

Na kisogo, ambacho mama yetu aliuliza? Gall alisema kisogo kilichotokeza ni alama ya upendo wa watoto, kwa sababu alikiona zaidi kwa wanawake na kwa nyani wa kike. Hebu fikirini. Kwa Gall, binti yule angeitwa mama mwema kuliko wote. Kwa mawifi wa mtaani ni mwenye kiburi. Kisogo ni kile kile kimoja.

Kosa la Gall halikuwa uvivu. Alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alipasua bongo kwa ufundi ambao hata maadui wake waliusifu, akakusanya mafuvu mengi, akatembelea magereza na nyumba za wenye wazimu. Kosa lilikuwa katika namna ya kuhesabu. Akimkuta mwizi mwenye nundu ya wizi, alimwandika. Akimkuta mwizi asiye na nundu, alisema kuna sehemu nyingine yenye nguvu inayoifunika ile. Akimkuta mtu mwema mwenye nundu ya wizi, alisema huyu amefundishwa vizuri, ameishinda tabia yake. Mafundisho ya namna hiyo hayawezi kushindwa kamwe. Kila jibu linakubalika, na kwa hiyo hayakuelezi lolote.

Tena kuna jambo la mwili lenyewe. Mfupa wa kichwa haulingani unene kila mahali. Juu ya nyusi kuna mapango yenye hewa ndani ya mfupa, makubwa kwa mmoja, madogo kwa mwingine. Nyuma, ile nundu ya kisogo tunayoipapasa ni mfupa ambapo misuli ya shingo inashikilia. Chini yake ubongo haukutokeza hata kidogo. Anayepapasa nundu anapapasa mfupa na nyama.

Biashara ya vichwa

Mwishoni mwa mwaka 1801 mfalme wa Austria alimkataza Gall kufundisha, akisema mafundisho yake yanaharibu dini. Watu wengi wakadhani, kwa kuwa amekatazwa, lazima ana siri kubwa. Ndivyo ilivyo hata leo. Mwaka 1805 Gall aliondoka Vienna pamoja na mwanafunzi wake Johann Spurzheim, wakazunguka miji mingi ya Ulaya wakifundisha, na mwaka 1807 wakafika Paris. Baadaye Spurzheim akaachana naye, akapeleka mafundisho Uingereza, akaongeza sehemu nyingine kichwani, halafu akaenda Marekani na kufa kule Boston mwaka 1832. Huko Scotland, mwanasheria George Combe alifungua chama cha frenolojia mwaka 1820 na kuandika kitabu kilichonunuliwa mno.

Lakini waliofanya kuwa biashara ya sokoni ni ndugu wawili Wamarekani, Orson na Lorenzo Fowler. Orson alisomea kuwa mchungaji. Chuoni alisoma pamoja na Henry Ward Beecher, ambaye baadaye alikuwa mhubiri mwenye jina kubwa Marekani yote, na ambaye aliendelea kuipenda frenolojia. Tunaliandika hili bila kulificha: watumishi wa Mungu walikuwamo. Wengine waliipinga, wakisema inamfanya mtu kuwa mtumwa wa mifupa yake na kuiondoa toba. Wengine waliipokea na kuiingiza katika mahubiri. Orson aliacha uchungaji kabla ya kuuanza, akashika vichwa.

Ndugu hao walifungua nyumba huko New York. Unaingia, unalipa, unakaa kwenye kiti, wanakupapasa, unatoka na karatasi yenye alama za kila tabia yako. Walichapisha gazeti lao tangu mwaka 1838, likaendelea mpaka 1911. Vijana walikwenda kuuliza waoe nani. Wakubwa wa kazi walidai karatasi ya kichwa kabla ya kumwandika mtu kazi. Kwenye maduka waliuza vichwa vya udongo mweupe vilivyochorwa mistari, kila kiwanja na jina lake. Vichwa hivyo bado vinauzwa leo kama pambo la mezani.

Mwandishi Mark Twain alisimulia namna alivyomjaribu Lorenzo Fowler kule London. Alikwenda mara ya kwanza kwa jina la uongo. Fowler akampapasa bila kumjali sana, akamwambia mahali pa uchekeshaji pana shimo. Twain aliishi kwa kuchekesha watu! Akangoja miezi mitatu, akarudi kwa jina lake halisi. Safari hii shimo lilikuwa limekwisha, na mahali pake pakawa mlima mrefu kuliko yote.

Hata hivyo hatutaki kuwadharau watu waliowaamini. Clara Barton, yule mama aliyeanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani, alipokuwa msichana mdogo alikuwa na haya nyingi sana. Wazazi wakamwonyesha Lorenzo Fowler, naye akashauri apewe kazi ya kufundisha, apewe madaraka. Alifundisha, akafaulu, na maisha yake yote alikumbuka shauri lile kwa shukrani. Basi, je, Fowler alisoma kichwa? Alimwona msichana anayejificha nyuma ya mama yake, akasikiliza wazazi wakieleza. Mtu mwenye macho na uzoefu anaweza kutoa shauri zuri, kisha akadai kwamba kichwa ndicho kilichosema. Sisi wachungaji tunaijua sana hali hiyo. Mtu anaingia ofisini, viatu vimekwisha, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kabla hajasema tumejua nusu ya shida yake. Kuna wanaoita jambo hilo ufunuo. Afadhali kuliita kwa jina lake.

Wanasayansi waliipinga mapema. Mfaransa Pierre Flourens aliondoa sehemu za ubongo wa njiwa na wanyama wengine, akaona kwamba mahali ambapo Gall aliweka tamaa za mwili, yaani ubongo mdogo wa nyuma, panaongoza mwendo: mnyama aliyeondolewa sehemu ile anatembea kama mlevi. Mwaka 2018 watafiti wa Oxford walichukua picha za vichwa vya watu zaidi ya 5000 zilizopigwa kwa mashine, wakapima umbo la nje la kichwa, wakalilinganisha na maisha na tabia za wenye vichwa. Hawakukuta kitu. Lakini watu hawakungoja wanasayansi: chama cha frenolojia cha Uingereza kilifungwa mwaka 1967 tu.

Fuvu la Lusinga

Mtasema, Pasta, hayo ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana.

Frenolojia ilizaa ndugu, na huyo ndugu alikuja mpaka kwetu. Wale waliochoka kupapasa nundu walianza kupima mafuvu kwa vyuma: urefu, upana, pua, taya. Kisha wakayapanga mataifa kwa vipimo hivyo, hili juu, lile chini. Mwaka 1883 afisa Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo Mpala, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie ya leo. Aligombana na mkubwa mmoja wa nchi ile, Lusinga. Tusimfanye Lusinga malaika: alikamata watu na kuwauza utumwani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1884 watu wenye bunduki waliotumwa na Storms walimwua na kumkata kichwa. Fuvu likasafirishwa Ubelgiji. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé alilipima mbele ya chama cha wasomi kule Brussels na kuandika juu ya tabia ya aliyekuwa mwenye kichwa kile, mtu ambaye hakuwahi kuongea naye hata neno moja. Kisha fuvu likawekwa katika jumba la makumbusho. Sanamu ya Storms iliyosimama Brussels iliondolewa mwaka 2022.

Na jirani zetu Rwanda, wakati wa Wabelgiji, wataalamu walipima pua na urefu wa watu ili kueleza nani ni wa kutawala na nani ni wa kulima. Katika miaka ya 1930 serikali iliandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu. Yaliyofuata mwaka 1994, ambapo watu walisimamishwa kwenye vizuizi, wakaombwa kitambulisho, wakatazamwa pua na kuuawa, hatuna haja ya kuwaeleza ninyi mnaokaa katika nchi hizi za maziwa. Hata huku kwetu kuna ndugu aliyeogopa kwenda soko fulani juu ya umbo la uso wake. Wengine wanakaa nasi kwenye viti vya kanisa. Tukisema kwa mzaha "uso wake tu unatosha," wao hawacheki.

Samweli naye

Katika 1 Samweli 16, nabii Samweli anaingia nyumbani mwa Yese kutafuta mfalme. Anamwona Eliabu, mrefu, mwenye sura nzuri, na moyoni anasema ndiye huyu. Mungu anamkatalia na kumweleza kwamba kuna kutazama kwa wanadamu na kuna kutazama kwake. Wahubiri wengi tunakimbilia Daudi haraka. Tubaki kidogo na Samweli. Huyu si mtu wa kawaida. Alisikia sauti ya Mungu tangu utoto. Tena alikuwa amekwisha kumtia mafuta Sauli, aliyewapita watu wote kwa mabega, akaona mwisho wake. Na bado macho yalimdanganya mara ya pili. Kama nabii mzee, mwenye pembe ya mafuta mkononi, alikosea kwa kutazama umbo, sisi ni nani?

Kwa hiyo, mama uliyetupigia simu, jibu letu ni hili. Kisogo cha binti kiacheni. Waulizeni majirani anavyoishi na wadogo zake. Akikopa unga, anarudisha? Akikosewa, anasema nini? Na kijana wako naye waulizieni hivyo hivyo, sababu wazazi wa binti nao wana haki. Bwana wetu katika Mathayo 7 alitufundisha kutazama matunda, na matunda yanahitaji msimu, hayaonekani siku ya kwanza ya kumtazama mtu. Hiyo ndiyo shida yake. Kupapasa kichwa ni dakika moja.

Utepe wa fundi cherehani

Sasa lile tuliloahidi. Miaka michache iliyopita, katika kanisa letu, kulikuwa na mtoto mwanamume wa miezi saba. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, na kila mwezi kilizidi. Macho yake yaligeukia chini, kama mtu anayetazama miguu yake daima. Baba yake alipoteza kazi katika miezi ile. Baba wadogo wakasema mtoto ndiye anayekula kazi ya baba, na kichwa kile si cha mtoto wa kawaida. Neno lilifika kwa waombezi wetu. Mmoja akasema ameota. Mama na mtoto walifukuzwa katika lupango la ukoo, wakalala kwa shangazi yake.

Na sisi? Sisi hatukusema kwamba mtoto ni mchawi. Lakini hatukusema kwamba siye. Siku mbili za Mungu zilipita, tukihubiri mambo mengine, tukingoja, kama watu wanaongoja mvua ipite. Aliyesema ni muuguzi mmoja, mama mkimya wa korali. Alikuja na utepe wa fundi cherehani, akauzungusha kichwa cha mtoto, akaandika namba. Baada ya wiki mbili akapima tena. Namba ilikuwa imepanda mno. Akaja ofisini kwetu, akaweka karatasi mezani, akasema: "Pasta, hii ni maji. Mtoto anahitaji kupasuliwa, haitaji kufungishwa."

Alikuwa na haki. Ndani ya ubongo kuna maji yanayotengenezwa na kuondoka kila siku. Njia ikizibwa, kwa ulemavu wa kuzaliwa, ao kwa ugonjwa kama homa ya uti wa mgongo, ao kwa damu iliyovuja, maji yanajaa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijaungana bado, kwa hiyo kichwa kinapanuka. Waganga wanaweza kuweka mpira mwembamba chini ya ngozi unaoyashusha maji mpaka tumboni. Mtoto akichelewa, ubongo unabanwa na kuharibika. Kila wiki ina bei yake.

Andikeni haya mahali mtakapoyaona. Kichwa cha mtoto anayezaliwa kwa wakati kina mzunguko wa karibu sentimeta 35, na akifikisha mwaka mmoja karibu 46. Kama kinakua haraka kuliko cha watoto wenzake, kama utosi umevimba na kukaza wakati mtoto ametulia, kama mishipa ya kichwa inaonekana wazi, kama macho yanageukia chini, kama anatapika na kulala kupita kiasi, mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, muombe wapime kichwa na kuandika. Maombi tutayafanya njiani.

Tena jueni kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Kuwa mchungaji hakumwondoi mtu chini ya sheria hiyo.

Kanisa lilichanga feza za safari, mtoto akapasuliwa katika hospitali kubwa. Alichelewa kutembea, na jicho moja halioni vizuri, lakini anatembea, anaongea, na mwaka huu ameingia shule. Baba wadogo walikuja kuomba msamaha na mbuzi mmoja. Mama yake sasa anasali katika kanisa lingine, ng'ambo ya mto. Tulimtembelea, sisi na wazee wawili, kumwambia kwamba tulikosea kunyamaza. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Akasema amesamehe. Tulipouliza kama atarudi, alimtazama mtoto aliyekuwa anacheza mlangoni, akajibu kwamba atarudi siku ambayo mtoto mwenyewe ataomba kurudi.